Bi mkubwa ameniomba niitoe sini ya usiku ule kwenye filamu yangu. Nifanyeje?

KameraYaPwani

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Swali langu ni moja ila siwezi kuliuliza bila kusimulia, mniwie radhi kwa urefu.

Tangu mwaka 2020 ninatengeneza dokumentari kuhusu familia moja ya Wapemba kusini mwa Malindi. Kijiji sikitaji. Ninaitengeneza peke yangu: kamera ni yangu, nimeinunua Mombasa mkononi mwa mtu, maiki ni yangu, na miaka miwili ya mwanzo hata nauli ilitoka mfukoni mwangu, pesa za kupiga picha za harusi. Nina saa kama 190 za picha kwenye diski.

Kwa asiyeijua habari hii, Wapemba wa Kenya walivuka kutoka kisiwani Pemba. Wengine walikuja enzi za mkoloni wakifuata samaki, wakipiga dago, yaani kambi za wavuvi, fukwe hizi hadi dago likageuka nyumba. Wengine walikuja wakikimbia baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Wakaoa, wakazaa, wakazikana hapahapa, lakini kipande, yaani kitambulisho, hawakupewa. Na Kenya bila kipande huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huna M-Pesa, huna akaunti benki, leseni ya uvuvi hupati. Chombo unachokivulia kimeandikwa jina la mtu mwingine, na samaki wako anapouzwa pesa zinaingia kwenye simu ya mtu mwingine. Ukikutana na askari njiani ndoo inapungua. Nimekaa na wanaume wazima wenye wajukuu ambao hawajawahi kufika Mombasa, kwa kuogopa vizuizi vya barabarani tu.

Mwanzoni mwa 2023 serikali iliwatambua kuwa kabila la Kenya, na Julai mwaka huo Rais Ruto akaja Kilifi kugawa vitambulisho. Siku ile nilikuwepo. Bi mkubwa, ndiye ninayemfuata kwenye filamu, alikishika kipande chake kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika picha ambayo haijakauka. Hakulia, hakucheka. Alikitia ndani ya leso, akafunga fundo, akaniuliza matatu ya kurudi yanapandiwa wapi, maana alikuwa ameacha samaki hawajatiwa chumvi.

Yeye ni mama karanga, mwanamke anayekaanga samaki na kuuza. Alfajiri huwa ufukweni na ndoo kungoja madau, saa tatu karai liko motoni, jioni yuko kando ya barabara na sinia lake. Mumewe alikufa baharini mwaka wa kusi kali, akaletwa, akazikwa nyuma ya nyumba, hatua kama hamsini kutoka jikoni.

Sasa usiku wenyewe. Ulikuwa mwaka 2021. Mjukuu wake alikuwa na miaka kumi na mitatu, na ili asajiliwe mtihani wa darasa la nane shule ilitaka cheti cha kuzaliwa. Kumwandikisha mtoto aliyechelewa hivyo lazima kupitie kwa chifu, na chifu huuliza. Familia ilikuwa na njia yake, njia ambayo wengi pwani wanaijua. Jirani mmoja, mzee wa kabila linalopewa vipande bila maswali, alikuwa amemwandikisha mama wa yule mtoto miaka ya nyuma kama binti yake wa kumzaa. Hakuchukua hata senti. Kwa makaratasi, basi, mtoto huyu ni mjukuu wa yule mzee.

Usiku huo bi mkubwa alimkalisha mtoto juu ya jamvi, taa ya sola katikati, akamfundisha. Jina la babu. Ukoo. Kabila. Babu alizaliwa wapi, bibi anaitwa nani. Mtoto akayarudia. Akakosea, akarudia. Mara ya tatu akayasema yote bila kukosa, kisha akatazama mlango wa nyuma, kule kwenye kaburi, akauliza, "Na babu yangu je, nimweke wapi?" Bi mkubwa akashusha utambi. Namaanisha aliizima taa. Kamera yangu ilibaki inachukua giza na pumzi zao kwa sekunde arobaini.

Kwangu mimi filamu nzima imebebwa na dakika zile sita.

Mwezi uliopita nilimpigia bi mkubwa kumwambia kuwa uhariri umekaribia kwisha. Akanyamaza, halafu akasema, "Mwanangu, ile ya usiku ule itoe." Sababu ni hii. Yule mzee jirani alifariki mwaka jana. Ana shamba, na watoto wake wameanza kusukumana. Mmoja wao amekwisha kusema hadharani kwamba kuna watu wameandikwa kwenye makaratasi ya baba na ipo siku watakuja kudai fungu. Binti wa bi mkubwa hana haja na shamba hilo hata kidogo. Lakini sini yangu inataja majina yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtoto.

Mjukuu mwenyewe sasa ana miaka kumi na saba. Nilipozungumza naye alisema, "Usiitoe. Hiyo ndiyo mimi."

Na prodyuza mwenza wa Ulaya, ambaye sitamtaja, amesema bila sini hiyo hana filamu ya kuuza. Theluthi ya mwisho ya pesa inategemea toleo nitakalokabidhi mwisho wa Mei. Fomu ya ridhaa ninayo, bi mkubwa alitia dole gumba mwaka 2020, na inanipa haki ya kila kitu. Niliinakili kutoka fomu ya Kiingereza na nikamweleza kwa maneno yangu mwenyewe, na sasa sikumbuki vizuri nilimweleza nini.

Waliopitia haya wanisaidie. Nikate? Nifiche majina? Nisubiri?

---

MhaririMsa

Waaleikum salaam dada yangu.

Ninaediti tangu enzi za kanda za MiniDV, na nitakupa mkasa wangu kabla ya ushauri.

Miaka kumi na kitu iliyopita niliediti filamu ya dakika 26 kuhusu vijana wanaotumia unga mtaani kwetu. Kijana mmoja alikuwa hazina. Alizungumza kama mshairi, alijidunga mbele ya kamera, akaeleza alivyomwibia mamake cherehani. Fomu alitia sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Filamu ikazunguka, ikapongezwa, ikatiwa YouTube. Baadaye yule kijana akapata matibabu, akanyanyuka, akaposa. Wakwe wakaiona. Alikuja ofisini kwangu amevaa kanzu, msafi, akaniuliza kwa upole kabisa kama ninaweza kuifuta. Mimi sikuwa mwenye filamu, na mwenye filamu alisema fomu ipo. Ile posa ilikufa.

Nilitoa fomu kabatini nikaitazama sahihi ile. Ilikuwa ya kijana ambaye siku ile angetia sahihi karatasi yoyote kwa shilingi mia mbili. Huyu aliyesimama mbele yangu hakuwahi kuulizwa chochote.

Kwa hiyo fomu yako ya 2020 iweke kando. Bi mkubwa wa 2020 hakuwa na kipande wala hakujua kuwa jirani atakufa na shamba litagombaniwa.

Upande wa kazi: kuziba uso hakukusaidii. Kijijini mtu hutambulikana kwa kikohozi, sembuse sauti. Ninachokiona ni kwamba nguvu ya sini haiko kwenye majina. Iko kwenye lile swali la mtoto na zile sekunde arobaini. Jaribu kuanzia pale anaposema mara ya tatu, lakini sauti iwe imezidiwa na upepo au bahari ili majina yasisikike, kisha iache sauti safi irudi kwenye "Na babu yangu je". Mtazamaji ataelewa. Nimewahi kufanya hivyo kwa mama aliyekuwa akitaja wanaomdai, na hakuna aliyelalamika.

Na kabla prodyuza hajaona toleo lolote, walione wao. Nyumbani kwao, si mjini.

---

KameraYaPwani

Ahsante kaka. Hilo la upepo nimelijaribu usiku huu na linafanya kazi vizuri kuliko nilivyodhani. Ila bado mtoto anaonekana akifundishwa, na mwenye kijiji atajua anafundishwa nini.

---

Mjukuu wa Ramisi

Mimi ni Mmakonde wa Kwale. Babu yangu aliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mkonge, akaishia kwenye miwa ya Ramisi. Sisi tulipewa vipande baada ya kutembea. Oktoba 2016 wazee wetu na akina mama walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, na nilikuwa miongoni mwao, malapa yangu yalikatikia njiani. Rais Kenyatta akatoa amri tupewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha, na mwaka uliofuata tukatangazwa kabila la 43.

Nalieleza hili kwa sababu ya kamera. Njiani zilikuwa nyingi. Kila kituo mtu alitutia maiki mdomoni, watoto walipigwa picha za miguu iliyovimba, mamangu alihojiwa mara nne kwa siku moja. Hadi leo sijui hata mmoja aliyerudi kijijini kwetu na kitambaa cheupe na projekta akasema, haya, hii ndiyo ile mliyotupa. Sini ya miguu ya mdogo wangu ipo mahali duniani. Sisi hatujaiona.

Kwa hivyo dada, kule kumpigia tu bi mkubwa simu kumwambia umekaribia kumaliza, umefanya zaidi ya wengi.

Lakini kwa mhariri nina neno, na nalisema kwa heshima. Ukiyafunika majina kwa upepo, umemfunika na yule mzee. Shangazi yangu kipande chake kimeandikwa Mdigo mpaka kesho. Mdigo aliyempa jina alikuwa akiuza nazi, masikini kama sisi, na alijua kuwa akigundulika atafungwa yeye kwanza. Kwetu tunaliita jina la kuazima. Ni deni ambalo hulilipi kwa pesa. Unalilipa kwa kwenda kwenye mazishi yake na kuchimba kaburi, kwa kumpelekea mke wake unga mwezi wa Ramadhani, kwa kuwanyamazia watoto wake wakikutukana. Wengi waliofanya wema huo wamekufa bila kushukuriwa mbele za watu kwa sababu kuwashukuru ni kuwashitaki. Kama filamu itamtoa yule mzee au itamgeuza sauti ya upepo, basi itakuwa inasema kuwa tuliishi kwa ujanja wetu peke yetu. Hatukuishi hivyo. Tuliishi kwa watu.

Kwa hiyo swali lako umemuuliza bi mkubwa, umemuuliza mjukuu, umemuuliza prodyuza, na sasa unatuuliza sisi. Mjane wa yule mzee je? Jina lililoazimwa lilikuwa lake pia. Mtoto alifundishwa "bibi yako anaitwa fulani". Huyo fulani yuko hai?

---

KameraYaPwani

Yuko hai. Hajui kabisa kuwa jina lake limo kwenye filamu. Umenipiga mahali ambapo sikuwa nimepatazama.

---

WakiliWaKijiji

Mimi si wakili, ni msaidizi wa sheria, jina la humu nilipewa na vijana wa ofisini. Nimejaza fomu za watu wa aina hii kwa miaka.

Mambo yaliyo wazi kwangu. Kutoa taarifa za uongo ili kupata kitambulisho ni kosa chini ya Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107. Kutambuliwa kwa Wapemba mwaka 2023 hakukufuta makosa ya nyuma ya mtu mmoja mmoja. Sijaona mtu akifuatwa kwa sababu hiyo katika kijiji ninachokihudumia, lakini mama wa huyu msichana bado anatumia kipande kilekile cha jina la kuazima, na filamu yako inakuwa ushahidi uliochongwa ukawekewa muziki.

Watu waelewe pia kwa nini njia ya kuazima ilikuwepo. Sheria ya Uraia ya 2011, kifungu cha 15, iliruhusu wasio na utaifa kusajiliwa ikiwa walikuwa wakiishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963. Waliokimbia Mapinduzi walifika baada ya Januari 12, 1964. Wamekosa kwa mwezi mmoja! Nimewahi kumweleza mzee mmoja tarehe hizo mbili, akanitazama muda mrefu, akaniambia, "Tungejua tungewahi." Muda wa kifungu chenyewe uliongezwa kisha ukaisha mwaka 2019.

Kuhusu shamba: kama familia ni ya Kiislamu, kadhi ataangalia nasaba, na mtoto wa karatasi harithi. Lakini kabla ya kufika kwa kadhi kuna wazee, kuna ofisi ya ardhi, kuna kelele za mtaani, na huko ndiko watu huumizana.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ina nafasi kwa kazi za sanaa na uandishi wa habari, kwa hiyo usiogopeshwe kwamba huruhusiwi kutengeneza. Ila angalia umri. Msichana alikuwa na miaka kumi na mitatu, aliyemkubalia ni nyanya yake, na nyanya amebadili mawazo. Msichana anasema ndiyo leo, lakini bado hajafika kumi na nane. Ndiyo yake itakuwa na uzito wake siku atakapokwenda kuchukua kipande chake mwenyewe. Na hapo ataulizwa ukoo wake, na atachagua aseme nini. Filamu isimtangulie kwenye dirisha lile.

---

Mtu wa Wete

Nawasoma kutoka Pemba, na nina watu wangu huko Kenya ambao sijawahi kuwaona. Babu mkubwa alikwenda dago na kaskazi hakurudi.

Niseme la watengeneza filamu tu. Mnaikumbuka ile filamu ya 2004 kuhusu sangara wa Mwanza, ya mtengenezaji kutoka Austria, iliyofika hadi kuteuliwa kwa Oscar? Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani, kukawa na maandamano. Mtengenezaji alikuwa Ulaya. Walioonekana kwenye filamu walikuwa Mwanza, na mwandishi wa habari mmoja aliyezungumza ndani yake alisumbuliwa na vyombo vya dola. Sizungumzii ubaya au uzuri wa filamu. Nazungumzia nani alikuwa wapi siku mvua iliponyesha.

Prodyuza wako atakuwa wapi?

Na jingine: ukimaliza, usisahau huku. ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, kwa miaka mingi ilitoa filamu nje ya Ngome Kongwe ikazipeleka vijijini, hadi huku kwetu, watu wakakaa chini uwanjani wakatazama. Hata usipoingia tamasha lolote, mimi nina shuka na nina jenereta.

---

KameraYaPwani

Nimerudi. Wiki tatu zimepita, niliwaahidi majibu wale walioniandikia faraghani.

Nilikwenda kwa mjane kwanza, bila kamera. Nilichukua sukari na majani ya chai, nikakaa. Nilipomweleza kuwa jina lake na la marehemu mumewe yamo kwenye picha zangu, hakukasirika kama nilivyoogopa. Aliniuliza tu mtoto aliyasema vipi. Nikamwambia aliyasema kwa adabu, na ya marehemu aliyasema vizuri kuliko yote. Akasema mumewe alikuwa akimfundisha yule mtoto kufunga nyavu za jarife, kwamba hata bila karatasi alikuwa kama mjukuu. Kisha akasema hapana. Akaisema mara moja. Wanawe wasije wakaisikia sauti ile wakati shamba halijagawanywa, na yeye hataki kuhukumu kati ya wanawe na watu aliowakaribisha nyumbani kwake.

Jioni tulikaa kwa bi mkubwa: yeye, binti yake, mjukuu, na mimi na laptopu juu ya kibao cha mbuzi kwa kuwa meza hakuna. Niliwaonyesha matoleo mawili. La kwanza lina upepo wa mhariri. La pili halina usiku ule kabisa. Bi mkubwa aliangalia la kwanza hadi taa ikazimwa, akasema, "Mimi bado naisikia." Hapo nikajua.

Mjukuu alilia. Nisiwafiche, alilia kwa hasira, akatoka nje akakaa huko nyuma kwenye kaburi. Nilimfuata nikakaa mbali naye kidogo. Akaniambia watu wazima wote wamepata kusema ila yeye. Ni kweli. Nilimwambia nitakachofanya, na kabla ya kulala nilikuwa nimeshakifanya mbele yao wote: dakika zile sita nimezinakili kwenye flashi moja, nikampa yeye, kisha nikazifuta kwenye diski zangu zote mbili. Yeye anatimiza kumi na nane mwezi Machi. Akitaka kuzichoma, kuzitazama peke yake, au kuniita na kuniambia, haya, zirudishe, ni uamuzi wake. Flashi iko ndani ya kasha la nyanya yake, imefungwa fundoni mwa leso pamoja na kile kipande. Bi mkubwa mwenyewe ndiye aliyeitia humo.

Kaka Mjukuu wa Ramisi, yule mzee nimemweka. Katika picha za 2020 nilikuwa na dakika moja na nusu yake, ameketi mlangoni kwake anashona jarife, na yule mtoto amemshikia uzi. Sikuwahi kuitumia kwa sababu hakuna kinachotokea. Mjane ameiona na ameridhia, akataka tu nisikate pale mumewe anapopiga chafya. Sasa filamu inafungua kwa hiyo, bila neno lolote.

Prodyuza ameandika kuwa anasikitika. Theluthi ile haitakuja. Nimepeleka maombi kwa DocuBox Nairobi, mfuko wa kusaidia filamu za dokumentari, na Jumamosi nina harusi mbili za kupiga picha, Mtwapa na Kikambala, kwa hiyo diski ya akiba nitainunua.

Msaidizi wa sheria, binti wa bi mkubwa ameniuliza kama inawezekana arekebishe kipande chake kiwe na jina la babake wa kweli bila kujitia matatani. Nimempa namba ya ofisi yenu, atakuja siku ya Jumatatu. Mpokeeni vizuri, ni mtu wa haya.

Mtu wa Wete, shuka lako nalitaka. Nitakuandikia kaskazi ikianza.

Na mhariri, nina ombi moja. Pale usiku ule ulipokuwa pamebaki pengo. Kabla yake bi mkubwa anazima jiko, baada yake ni asubuhi na yuko ufukweni anangoja madau. Nimeweka giza la sekunde arobaini, ileile hesabu, na sauti ya karai linalopoa. Kwenye spika zangu linasikika kama kasoro ya sauti, kama kitu kimekatika. Naomba unisikilizie kwenye spika zako nzuri uniambie kama giza linakaa au niongeze mawimbi kidogo.